Wahakiki wa Ridhaa Waruhusiwe Kusogea Karibu

Barua ya wazi kwa wanaosimamia sanaa na utangazaji Uganda

Waheshimiwa,

Nawaandikia ninyi mnaoshughulikia utamaduni katika Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii, ninyi wa Wizara ya Elimu na Michezo, bodi ya Kituo cha Taifa cha Utamaduni ambacho sisi wa Kampala tunakiita tu National Theatre, wakuu wa UBC, shirika la utangazaji la taifa, na wenye redio na televisheni za watu binafsi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari. Nilikulia katika kota za jeshi Jinja, mahali ambapo Kiswahili kilikuwa lugha ya kuchotea maji na ya kugombania kamba ya kuanikia nguo, na mpaka leo ndiyo lugha ninayowazia.

Kila Jumamosi jioni, kwa miaka sita sasa, tunakutana watu tisa au kumi katika chumba cha nyuma cha mama mmoja fundi cherehani pale Kiyembe. Majora ya vitambaa yanasogezwa ukutani, simu inaunganishwa na spika, tunasikiliza muziki, kisha kila mtu anaandika alichosikia. Wiki nyingine tunachanga nauli tunakwenda kuangalia ngoma, mchezo wa kuigiza au picha za kuchora. Hakuna anayelipwa. Tunajiita wahakiki wa ridhaa, kama watu wanavyosema soka la ridhaa. Watu wa namna yetu wanaongezeka kila mwaka katika miji ya nchi hii, na wengi wenu mnatuona kero: watu wasio na cheti wanaosema ovyo juu ya kazi za wenye jasho. Wakati mwingine ni kweli tunasema ovyo. Nataka niwaeleze kwa nini, na ninyi mnaweza kufanya nini.

Nianze na kosa letu wenyewe. Mwaka wetu wa kwanza, kijana mmoja wa bodaboda wa Wandegeya, mwenye sikio zuri kuliko sisi sote, aliandika juu ya kikundi kilichopiga amadinda, marimba ya mbao ya Kiganda, kwenye harusi. Sentensi yake ya pili ilisema marimba yao ilikuwa imetoka nje ya sauti. Niliisoma nikaipitisha, kwa sababu yeye alijifunza kinanda kanisani na mimi sikujifunza chochote. Karatasi ile ikamfikia mzee mmoja wa kikundi. Hakukasirika. Alituma salamu tufike nyumbani kwake Jumapili.

Tulimkuta amelaza magogo mawili ya mgomba chini ya mwembe. Juu yake akapanga mbao 12, kubwa kushoto, ndogo kulia, akachomeka vijiti kati ya ubao na ubao zisigongane. Akakaa upande huu, mwanawe akakaa upande wa pili, wakatazamana kama watu wanaotaka kula sinia moja. Mzee akaanza kupiga mwendo mmoja usioyumba. Mwanawe akaingiza mapigo yake katikati ya mapigo ya baba, kila pigo likianguka penye pengo, kama meno ya zipu yanavyofungana. Anayetangulia, Waganda humwita omunazi. Anayejaza mapengo ni omwawuzi. Kisha mjukuu, mtoto wa miaka kama kumi na miwili hivi, akachuchumaa mwisho wa marimba kwenye zile mbao mbili za sauti ya juu kabisa. Kazi yake ni kusikiliza ndani ya mvumo ule, aokote zile sauti mbili za chini kabisa kila zinapojitokeza, na azirudie kule juu. Huyo ndiye omukoonezi. Mara tukasikia wimbo. Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa anaupiga wimbo ule peke yake. Ulikuwa unazaliwa hewani kati yao.

Na ile hoja ya kutoka nje ya sauti? Amadinda hugawa sauti tano kwa hatua zinazokaribia kulingana. Kinanda cha kanisani kina hatua ndefu na fupi. Ukichukua rula ya kinanda kupimia amadinda, kila ubao utauona umekosea. Kijana alirudi kwa mzee mara mbili zaidi, akaandika upya. Uhakiki wake wa pili ulikuwa na ukurasa mzima wa mambo aliyoyaona mikononi mwa wapigaji kabla hajatumia neno “zuri” au “baya”, na alipofika kwenye ubaya alikuwa na haki ya kuusema: kwamba siku ya harusi vipaza sauti viliwekwa upande mmoja tu, kwa hiyo waalikwa walimsikia baba bila mwana, yaani nusu ya wimbo.

Kijana yule hakukosa akili mara ya kwanza. Alikosa nafasi ya kusogea karibu, na haya yote ninayowaandikia yanatoka hapo.

Nimejiuliza sana sisi watu wa Uganda tumejifunzia wapi kuhukumu sanaa, na jibu langu ni shuleni, kwenye mashindano ya muziki, ngoma na maigizo. Nani asiyeyakumbuka? Watoto wamepakwa poda, wamefungwa njuga, wamefanya mazoezi muhula mzima, wanacheza kwa dakika chache mbele ya meza ya majaji. Jaji anaandika. Mwisho wa siku zinatangazwa alama, shule moja inabeba kikombe, nyingine zinarudi kwenye lori kimya. Mwaka jana niliwasindikiza wanafunzi. Binti mmoja aliyeongoza wimbo akaniuliza, “Mwalimu, tumepata 68, lakini 68 ya nini?” Sikuwa na jibu, maana karatasi ya maoni ilibaki na walimu wa ngoma na ilikuwa na mistari mitatu. Mtoto huyo akikua akiandika juu ya wanamuziki, ataandika kama jaji: alama saba kwa kumi, imekwisha. Ndivyo tunavyoandika wengi. Tunatoa alama kwa sababu hatujawahi kuonyeshwa kitu kingine.

Kwa hiyo kwenu wa Wizara ya Elimu ombi langu ni dogo. Majaji wale wana elimu kubwa. Wapeni nusu saa baada ya matokeo wakae na watoto wawaambie walichosikia, ngoma ilikosea wapi, nani alichelewa kuingia. Na wanafunzi wa shule moja waruhusiwe kuandika juu ya onyesho la shule nyingine, kwa Kiingereza, kwa Kiganda, kwa Kiacholi, kwa Kiswahili. Baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwezi Julai 2022, na sisi walimu tunatafuta kila siku kazi za kuandika ambazo mtoto atazipenda. Hii hapa.

Sasa redio. Kituo kimoja, ambacho sitakitaja, kilimwalika mwenzetu mmoja, muuguzi, aje azungumzie albamu mpya ya mwimbaji anayependwa. Alikuwa ameisikiliza mara nne, kwenye zamu ya usiku, na akaandika daftari zima. Alikuja kusema kwamba nyimbo tatu za mwanzo zina ngoma ile ile ya kompyuta kwa kasi ile ile, kwamba sauti ya mwimbaji huyo ni nene na inapendeza akiimba polepole, lakini imefunikwa na mashine, na kwamba wimbo wa saba, wenye gitaa tupu, ndio unaoonyesha uwezo wake. Hakufika kwenye wimbo wa saba. Mtangazaji alimkatiza: “Sawa dada, lakini tuambie, huyu na yule mwenzake wamepatana au bado wamenuniana?” Muda wote uliobaki ukaliwa na ugomvi wa wasanii wawili ambao muuguzi hakuujua wala hakuutaka. Siku tatu baadaye akapigiwa simu kwamba meneja wa msanii hakufurahi, asirudi tena.

Yule dada hakumtukana mtu. Alimsifu msanii kuliko alivyowahi kusifiwa na mtangazaji yeyote, kwa sababu alimwambia nguvu yake iko wapi. Wenye vituo, nawasihi: ugomvi wa wasanii una vipindi vyake, na vinatosha. Tengeni dakika 30 kwa wiki ambazo mtu anaulizwa swali moja tu: ulisikia nini? Mtashangaa ni watu wangapi wana majibu. Na ile bahasha ya “nauli” ambayo mapromota huwapa watu wa habari mlangoni, ninyi ndio mnaoweza kuikomesha, kwa sababu ninyi ndio mnaojua nani hulipwa mshahara usiomtosha hata kununua tiketi. Katika kikundi chetu tuna sharti moja: aliyeingia bure, au mwenye undugu na msanii, aseme hivyo katika mstari wa kwanza. Msomaji mwenyewe ataamua.

Lugha nayo inatuangusha. Jina kadongo kamu, muziki wa Kiganda wa kusimulia hadithi, maana yake ni kigitaa kimoja, na mtu asiyejua Kiganda akiandika kwamba nyimbo hizo ni ndefu na gitaa halibadiliki, hajasema uongo, ila hajasikia kitu. Gitaa pale ni fimbo ya kutembelea. Msafiri ni hadithi. Kiganda changu ni cha sokoni. Nilimwomba jirani mzee aketi nami jioni mbili nzima kunieleza mafumbo ya wimbo mmoja wa Paul Kafeero kabla sijathubutu kuandika chochote, na hata hivyo niliandika wazi kwamba nimeazima masikio ya mtu. Upande wa pili, Jose Chameleone ameimba kwa Kiswahili kwa miaka zaidi ya ishirini, Dar es Salaam na Nairobi wanamjua kwa Kiswahili hicho, lakini nikisoma wanaomwandika hapa nyumbani nakuta midundo, magari na mavazi. Mashairi yenyewe, pale anapotumia Kiswahili cha Kampala na pale anapotumia cha pwani, hakuna anayeyagusa. Aibu hiyo ni yetu sisi wenye lugha, na kwenye kikundi chetu tumeanza kuirekebisha.

Niwasimulie juu ya mama mwenye chumba, Mama Fundi tunavyomwita. Tulikwenda ukumbi fulani kuangalia kikundi cha ngoma za Kiganda. Mlangoni akaulizwa kitambulisho cha uandishi wa habari. Hana. Akaambiwa wahakiki wana viti vyao na yeye si mhakiki. Alinunua tiketi yake kwa pesa ya gomesi, lile vazi la akina mama wa Uganda, aliyokuwa ameshona wiki ile, akakaa nyuma kabisa. Uhakiki wake ndio bora tuliowahi kusoma, na nitaueleza kwa kirefu kidogo.

Ngoma ilikuwa baakisimba. Wengine sote tuliandika kwamba wachezaji walionekana wazito, na tukaishia hapo. Yeye aliandika kwamba ngozi zao zilifungwa juu mno. Katika baakisimba, alieleza, mchezaji hufunga nyuzi za ukindu kiunoni na juu yake ngozi yenye manyoya, na kazi ya ngozi ni kuchukua mtikisiko mdogo wa nyonga na kuukuza hadi mtu wa mstari wa mwisho auone. Siku ile mshonaji alizifunga mahali mkanda wa gauni unapokaa, juu ya nyonga. “Miguu ilisema, nyonga zikajibu, ngozi hazikusikia,” aliandika. Halafu akaingia kwenye ngoma zenyewe. Alisema mpigaji wa embuutu, ile ngoma kubwa, alikuwa anamsubiri mchezaji badala ya kumwita, na kwamba engalabi, ile ngoma ndefu ya ngozi ya kenge, ilikuwa na mpigaji mzuri aliyewekwa mbali na wenzake kiasi kwamba kila alipoingia alikuwa amechelewa kidogo. Nilimuuliza amejuaje. “Mwalimu, baba yangu alipiga engalabi mpaka mikono ikawa kama kwato. Nimelala chini ya ngoma hiyo.”

Waheshimiwa wa National Theatre na wenye kumbi zote, huyo ndiye mtu mliyemtuma kiti cha nyuma. Fundi cherehani anaona vazi. Seremala anaona jukwaa. Muuguzi anajua mwigizaji anayekufa jukwaani amekufa uongo. Mwandishi mwenye kadi huenda anajua mengi, ila mara nyingi amekuja kupiga picha za wageni waalikwa na ataondoka kabla ya mapumziko. Katika kila onyesho tengeni viti vinne tu kwa wahakiki wa ridhaa, kwa zamu, bila kuulizana kadi. Zaidi ya viti, fungueni mlango wa mazoezi. Mtu aliyeangalia kikundi kikirudia kipande kimoja mara kumi hawezi tena kuandika kwamba hawakujitahidi. Atalazimika kuandika juhudi ilielekea wapi.

Ninyi wa National Theatre, zaidi ya wengine wote, mna historia ya kuwafungulia mlango watu wasiokuwa na kadi. Okot p'Bitek, aliyekiongoza kituo hicho katika miaka ya 1960, alikuwa mwalimu na mchezaji mpira, alikwenda Uingereza na timu ya taifa mwaka 1956, kisha akasoma ualimu, sheria na anthropolojia. Ngoma za Kiacholi alizitetea kwa sababu alizicheza. Jarida la Transition lilianzishwa hapa Kampala mwaka 1961 na Rajat Neogy, kijana wa mjini humu, na sehemu kubwa ya utamu wake ilikuwa barua za wasomaji waliobishana vikali juu ya fasihi na siasa. Mwaka 1968 Neogy akatiwa ndani. Mwaka 1977 Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo na kiongozi wa sanaa wa ukumbi huo huo, akauawa na watu wa utawala wa wakati ule. Nayataja haya kwa sababu mwaka 2019 serikali ilileta kanuni za kutaka nyimbo na hati za maigizo zipitiwe kabla ya kutolewa, na wapo waliotuambia sisi kwamba hiyo ndiyo kazi yetu, tuisaidie. Hapana. Mkaguzi hufika kabla ya wasikilizaji akiwa na mkasi. Mhakiki hufika pamoja na wasikilizaji akiwa na kalamu, na msanii anaweza kumjibu.

Kama mnataka kuona jinsi uhakiki wa bure unavyoweza kuwa hai, ingieni kibanda cha video chochote cha mtaani. Pale mbele amesimama mfasiri anayeitwa VJ na kipaza sauti, anaifasiri filamu ya Hong Kong au ya Marekani kwa Kiganda papo hapo, huku anamkemea jambazi, anamcheka mwigizaji aliyelia machozi ya maji ya bomba, anawaonya wenye viti vya mbele kwamba huyu rafiki ni msaliti. Ameiangalia filamu ile mara nyingi kabla ya siku hiyo. Anajua kila mkato. Watu hulipa kumsikia yeye kama wanavyolipa kuona picha, na mtengeneza filamu wa Wakaliga, Nabwana, alilielewa hilo akamweka VJ ndani ya filamu zake mwenyewe. Wasomi wamekuja kutoka Ulaya kuwaandika hawa VJ. Sisi tumewaachia polisi wa leseni.

Bigwala za Busoga ziliingizwa mwaka 2012 katika orodha ya UNESCO ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Ni tarumbeta za vibuyu, kila moja ina sauti moja tu, na mpigaji mmoja akikosekana wimbo una tundu. Pesa zilitafutwa, vibuyu vikapandwa, vijana wakafundishwa, na ninawashukuru waliofanya kazi hiyo. Lakini nani leo, nje ya vijiji vichache, anaweza kusikia kundi la bigwala likipiga vibaya na kusema ni vibaya? Tunapiga makofi kwa kila kitu cha asili kwa sababu ni cha asili. Mpigaji anayepigiwa makofi hata akikosea hana sababu ya kurudi mazoezini.

Ombi la mwisho ni la kanda. UBC ina hazina ya kanda zilizorekodiwa tangu siku za Redio Uganda. Makerere kuna hifadhi yenye jina la Klaus Wachsmann, aliyekuwa mlinzi wa Jumba la Makumbusho la Uganda na akazunguka nchi nzima kurekodi muziki katika miaka ya 1940 na 1950. Wanafunzi na wageni wa utafiti huzitumia. Sisi tunaomba Jumamosi moja kwa mwezi, kwa muda wa saa tatu tu, mtu yeyote wa mtaani aingie, aketi, asikilize. Hatutaki nakala, hatutabeba kitu. Mtu hawezi kusema bendi ya leo imeongeza nini au imepoteza nini kama hajawahi kusikia ya jana.

Baba yake Mama Fundi alirekodiwa na watu wa redio, akiwa na kikundi chao, kabla yeye hajaolewa. Jina la kikundi hakumbuki vizuri, na kwenye kanda huenda liliandikwa vingine. Anasema hilo halimpi shida. Mkono wa mzee ataujua, kwa kuwa kila alipomaliza mzunguko pigo la mwisho lilitua kwa kiganja cha kushoto, zito, kama mtu anayefunga mlango wa mbao.

Wenu,
Mwalimu wa Kiswahili, Kampala